Vifungashio vya kijani: mi naangalia rangi ya chupa, sio tangazo

Kuna badiliko moja la vifungashio ambalo halikupigiwa kelele sana na mi naona lina akili kuliko mengi yaliyopewa tuzo. Mwaka 2022 Sprite, soda ambayo ukiifikiria tu unaona kijani, iliacha chupa ya kijani huko Amerika Kaskazini ikahamia kwenye chupa isiyo na rangi. Kijani ilikuwa sura yao kwa zaidi ya miaka 60, na watu wa masoko huwa hawakubali kirahisi kuguswa kwenye mambo ya rangi, kwa hiyo ukiona wamekubali jua kuna hesabu imepigwa mahali. Hesabu yenyewe ni nyepesi tu: chupa ya PET, plastiki ya chupa za soda na maji, isiyo na rangi ikiyeyushwa inaweza kuwa chupa tena, ila ya kijani ikichanganyika na nyingine inaharibu rangi ya mzigo mzima, hivyo inaishia kuwa nyuzi za nguo au zulia na safari yake inafia hapo, hakuna anayelirudisha zulia likawa chupa.

Naanza na hiyo makusudi. Mada hii ikitajwa wengi wanawaza mwani, uyoga, vifungashio vya kuliwa, vitu vinavyopendeza kwenye video ya dakika moja. Sivikatai, nitavifikia. Ila kama unataka kujua kampuni ipi inafanya kazi na ipi inatafuta kiki, usikiangalie kifungashio kikiwa kwenye rafu, kiangalie siku kimetupwa: kinaenda wapi, nani anakipokea, mashine inakiona au haikioni, na kuna mtu wa kuinunua hiyo malighafi au hakuna. Mpaka 2015 dunia ilikuwa imeshatengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na katika zile zilizokuwa zimeshageuka taka ni kama asilimia 9 tu ndo zilirejelezwa, hiyo ni hesabu ya mtafiti Roland Geyer na wenzake iliyochapishwa 2017. OECD, shirika la nchi tajiri, nao walipopiga ya kwao kwa mwaka 2019 peke yake wakakuta taka za plastiki tani milioni 353, asilimia iliyorejelezwa ni hiyohiyo 9, na vifungashio vilikuwa karibu asilimia 40 ya mzigo. Miaka yote hiyo tunaoneshwa alama ya kurejeleza ya mishale mitatu na namba haijasogea.

Sasa hili la mashine kukiona au kutokukiona tulikalie kidogo, maana hapa ndo vifungashio vingi vinakufa na tangazo halisemi. Kwenye viwanda vikubwa vya kuchambua taka mzigo unapita kwenye mkanda kwa kasi, juu yake kuna taa za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, mwanga unagonga kitu unarudi, na kila aina ya plastiki inarudisha mwanga kwa namna yake, kompyuta inasoma hii PET, ile polipropilini, alafu vipua vidogo vya hewa vinapuliza na kile kitu kinarukia upande wake, yote hayo ni chini ya sekunde. Plastiki nyeusi ya kawaida imetiwa rangi ya kaboni, na kaboni inaumeza ule mwanga, haurudi. Yani kwa mashine ile trei nyeusi haipo kabisa, inapita mpaka mwisho wa mkanda inaenda kuchomwa au kufukiwa, hata kama chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba inarejelezeka. Lebo ya plastiki inayovalishwa chupa nzima toka shingoni mpaka kitako nayo ina vituko vyake, mashine inasoma lebo badala ya chupa, inaipeleka siko. Na pampu ya chupa ya losheni ndani yake mara nyingi kuna springi ya chuma, kitu kidogo huwezi hata kukiona, lakini kinatosha kuharibu mzigo wa plastiki safi.

Kwa hiyo kampuni ikisema imebadilisha rangi nyeusi ikaweka rangi ambayo mashine inaisoma, au imetengeneza pampu ya plastiki ya aina moja mwanzo mwisho pamoja na springi yake, au imeweka vitobo kwenye lebo ili ichanike kirahisi, hiyo habari haina mvuto wowote na haitapata hata like mia. Ila hiyo ndo kazi.

Mfano ninaoupenda ni tyubu ya dawa ya meno. Tyubu ya kawaida kwa miaka mingi ilikuwa ni karatasi nyembamba ya alumini iliyobanwa katikati ya matabaka ya plastiki, alumini inazuia ladha isitoke na hewa isiingie, plastiki inafanya tyubu iminyike. Ukiiangalia unaona kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vinne vilivyogandishwa pamoja na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa faida. Colgate-Palmolive wakaamua kutumia HDPE, plastiki ileile ya chupa za maziwa na sabuni ya maji ambayo tayari ina soko la kurejelezwa. Shida HDPE ni ngumu, ukitengenezea tyubu haiminyiki, na dawa ya meno isiyominyika nani atainunua. Mainjinia wao wakakaa miaka wakichanganya madaraja tofauti ya HDPE kwa unene tofauti mpaka wakapata tyubu laini ambayo ukiiyeyusha inafanana na chupa, wakaipitisha kwenye vipimo vya chama cha warejelezaji plastiki cha Marekani, ikatambuliwa mwaka 2019. Alafu wakafanya jambo la ajabu kidogo kwa kampuni kubwa, wakaifungua teknolojia hiyo kwa washindani.

Roho safi? Sidhani kama ni hiyo tu. Mashine na wachambuaji hawawezi kuijua tyubu mpya na tyubu ya zamani ya alumini kwa kuiangalia, kwa hiyo ikiwa ni Colgate peke yake ndo wamebadilika, kiwanda cha kuchambua kinaona ni bora kutupa zote kuliko kuhatarisha mzigo. Ili tyubu yako ipokelewe inabidi na ya mpinzani wako ibadilike. Na hata hivyo mpaka leo sehemu nyingi bado hazizipokei, kwa hiyo unakuwa na kifungashio kizuri kabisa kimaabara ambacho kwa mtu wa kawaida kinaishia kwenye jaa lilelile. Ubunifu wa kampuni moja peke yake huwa unagonga ukuta hapo.

Haya sasa tuje kwenye mwani. Kuna kampuni ya London inaitwa Notpla, walijulikana kwa vipira vidogo vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, unakimeza chote, kinywaji na ganda lake, waliwagawia wakimbiaji wa London Marathon ya 2019 na picha zilizunguka dunia nzima, na 2022 wakachukua tuzo ya mazingira ya Earthshot. Ila ukifuatilia biashara yao ilikopata mashiko utakuta sio kwenye vile vipira, ni kwenye maboksi ya kubebea chakula, wanapaka tabaka la mwani ndani ya karatasi badala ya plastiki ili mafuta yasipenye. Boksi la karatasi, la kawaida, halina maajabu. Na hapo naona wamepatia, kwa sababu lile tabaka la plastiki linalopakwa ndani ya karatasi ndo linalofanya vikombe na maboksi mengi yashindikane kurejelezwa.

Uyoga nao una stori yake. Ecovative ya New York, ilianzishwa 2007, wanachukua mabaki ya mazao wanaotesha humo nyuzi za uyoga ndani ya kalibu, baada ya siku chache umepata kipande kigumu chepesi cha kulinda kompyuta au chupa isivunjike, Dell walianza kukitumia 2011. Kinafanya kazi na kinaoza. Lakini povu la plastiki linatoka kiwandani kwa sekunde na uyoga unataka siku, kwa hiyo ni mbadala mzuri kwa bidhaa za bei kubwa na ngumu kwa kila kitu kingine, na anayesema kesho dunia nzima itafunga vitu kwa uyoga anakuuzia ndoto.

Ambako nakuwa mkali zaidi ni kwenye plastiki zinazoitwa za kuoza. PLA inatengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, inafanana na plastiki, kweli inaoza, ila inataka kiwanda cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Ukiitupa baharini au kwenye mtaro inakaa kama plastiki nyingine tu. Kuuza kikombe cha PLA sehemu isiyo na kiwanda cha namna hiyo ni sawa na kumuuzia mtu gari la umeme kijiji ambacho nguzo ya umeme haijafika. Hata zile zilizoandikwa kwamba zinaoza nyumbani, watafiti wa University College London waliwashirikisha wananchi wa Uingereza wazijaribu kwenye mboji zao, matokeo yakatoka 2022: asilimia 60 hazikuwa zimeoza zikaisha. Na mbaya zaidi, PLA ikiingia kwenye mzigo wa PET inauharibu, kwa hiyo kitu kilichokuja kusaidia kinamvuruga aliyekuwa tayari anafanya kazi yake.

Alafu kuna mambo ambayo hakuna mhandisi anayeyawaza mpaka yamkute. Mwaka 2010 Frito-Lay walitoa mfuko wa krispi za SunChips wa PLA unaooza, sifa zote zipo, tatizo ukiushika unapiga kelele, yani kelele za kweli, watu wakafungua kundi Facebook kuulalamikia na miezi michache baadaye kampuni ikaurudisha mfuko wa zamani kwa ladha karibu zote. Tunaweza kucheka, ila hilo ni somo kubwa la biashara hii kuliko ripoti nyingi: mteja anasema anataka mazingira salama, na anasema kweli, lakini hatakubali kero hata ndogo.

Karatasi ndo mtindo wa sasa. Nestlé walihamishia pipi za Smarties kwenye karatasi 2021, Mars wakajaribu Uingereza karatasi kwenye chokoleti yao 2023, na kila mwezi kuna mwingine. Karatasi ina faida yake, watu wanajua pa kuipeleka na viwanda vya kuipokea vipo nchi nyingi. Ila karatasi tupu haizuii unyevu wala mafuta, lazima uipake kitu, na hapo ndo kwa kuuliza maswali. Mabakuli ya nyuzi yaliyosifiwa sana Marekani kwamba ni ya kijani yalikuwa mengine yamewekewa PFAS, zile kemikali zisizovunjika, ili supu isipenye, mpaka Februari 2024 ndo mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikatangaza kwamba PFAS za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya chakula haziuzwi tena. Na kisa cha mirija ya McDonald's Uingereza sitakisahau, walitoa ya plastiki wakaleta ya karatasi kwa shangwe, 2019 ikajulikana kwamba ile ya karatasi ilikuwa nene mno kurejelezwa na wafanyakazi waliambiwa waitupe kwenye taka za kawaida, wakati ya plastiki ya mwanzo ilikuwa inarejelezeka.

Kinachonivutia zaidi kwa sasa ni kampuni zinazotoa kitu badala ya kubadilisha. Amazon walitangaza Juni 2024 kwamba Amerika Kaskazini wameondoa asilimia 95 ya ile mito ya plastiki yenye hewa wakaweka karatasi, wakasema ni karibu mito bilioni 15 kwa mwaka. Sawa, hongera, lakini swali langu ni kwa nini boksi lilikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji mto. Apple 2020 walitoa chaja kwenye boksi la simu, watu wakakasirika, na mi nakubali kwamba kuokoa gharama ilikuwa nusu ya sababu au zaidi, ila boksi likapungua mpaka paleti moja ikabeba maboksi hadi asilimia 70 zaidi, maana yake ndege chache na malori machache. Kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa sheria Februari 2025, imeligusa hilo moja kwa moja: nafasi tupu kwenye boksi la kusafirishia isizidi asilimia 50 kuanzia 2030, na walioiandika walikuwa wajanja sana, wakasema kabisa kwamba karatasi za kujazia, mito ya hewa na povu vyote vinahesabiwa ni nafasi tupu. Aliyeandika kifungu hicho anawajua hawa watu.

Kutumia tena ndo sehemu ambayo kampuni kubwa zimeshindwa, hakuna lugha nyingine. Februari 2022 Coca-Cola walisema mpaka 2030 robo ya vinywaji vyao itauzwa kwenye vifungashio vya kurudishwa na kujazwa tena. Desemba 2024 wakatoa malengo mapya na hiyo robo haimo. Hii ni kampuni iliyokua kwa chupa za kioo za kurudisha, inajua kazi hiyo kuliko karibu mtu yeyote duniani. Ila chupa ya kurudi inataka kiwanda kiwe karibu na mnywaji, inataka kreti, mashine za kuosha, lori lirudi limebeba chupa tupu, na muuzaji awe na sehemu ya kuziweka. Biashara imeshajipanga upya kwa chupa inayoenda upande mmoja, viwanda vichache vikubwa na safari ndefu, na kuibadilisha hiyo sio kazi ya idara ya mazingira, ni kubomoa mfumo uliolipiwa tayari. Loop ya TerraCycle, mpango wa kuuza bidhaa kwenye makopo ya kurudisha, iliyotangazwa kwenye mkutano wa mabosi wa dunia wa Davos 2019 ikiwa na majina makubwa nyuma yake, ilikutana na hilohilo, makopo mazuri ya chuma lakini gharama ya kuyarudisha na kuyaosha ikiwa mteja ni mmoja hapa na mwingine kule inakula faida yote. Inapowezekana ni pale pesa inapomrudisha mteja: Ujerumani tangu 2003 chupa za plastiki za kutumika mara moja zilianza kuwekewa amana, ni senti 25 za euro, na zaidi ya asilimia 95 zinarudi. Huko ni kurejeleza, sio kujaza tena, ila inaonesha watu hawana uvivu wa kurudisha chupa, wana uvivu wa kurudisha chupa bure.

Ahadi zenyewe zina tabia moja, zinawekwa na bosi mmoja na kufika kwa mwingine. Oktoba 2019 Unilever chini ya Alan Jope waliahidi kupunguza plastiki mpya kwa nusu ifikapo 2025. Aprili 2024, bosi akiwa Hein Schumacher, nusu ikawa asilimia 30 na 2025 ikawa 2026. Machi 2025 Schumacher naye akaondoka. Sisemi kuna mtu alidanganya, inawezekana wote waliamini walichosema, nasema tu kwamba lengo la miaka mingi kwenye kampuni ambayo bosi anakaa miaka minne linahitaji kitu kingine cha kulishikilia.

Na wakati mwingine inabidi mtu apigwe faini. Keurig wa vile vikopo vya kahawa waliwaandikia wawekezaji kwamba majaribio yamethibitisha vikopo vyao vinaweza kurejelezwa, wasiseme kwamba kampuni mbili kubwa za kurejeleza Marekani zilishawaambia zina wasiwasi na hazina mpango wa kuvipokea. Septemba 2024 tume ya masoko ya hisa ya Marekani ikawatoza dola milioni 1.5. Kwao ni hela ndogo, lakini kesi ilikuwa ya wawekezaji, sio ya mazingira, na hilo mkurugenzi wa fedha analisikia haraka.

Maana mwisho wa siku ishu ni bei. Plastiki mpya inafuata bei ya mafuta na gesi, viwanda vya kuizalisha vimejengwa vingi, na bei yake ikishuka plastiki iliyorejelezwa inakuwa ghali kuliko mpya, basi mnunuzi wa kampuni ambaye anapimwa kwa gharama anachukua mpya, hata kama ukutani kwake kuna bango la kijani. Uingereza waliliona hilo, tangu Aprili 2022 kifungashio cha plastiki chenye chini ya asilimia 30 ya malighafi iliyorejelezwa kinalipiwa tozo kwa kila tani. Ulaya wakalazimisha chupa za PET ziwe na angalau asilimia 25 kuanzia 2025. Na kumbuka kizibo kinachobaki kimeshikana na chupa, kile kinachogonga watu pua, mwaka 2018 Coca-Cola, Danone, Nestlé na PepsiCo waliandika barua kupinga Ulaya kukifanya lazima, gharama kubwa, viwanda vitabadilishwa vyote na kadhalika. Sheria ikapita, Julai 2024 ikaanza, vizibo vimeshikana na hakuna kampuni iliyofunga mlango.

Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya kampuni hizohizo, Unilever, Nestlé na PepsiCo wakiwemo, wako kwenye muungano unaoomba mkataba wa dunia wa plastiki wenye sheria zinazofanana kwa wote, na hapo nawaelewa kabisa, anayelipia malighafi ghali peke yake anamwachia soko asiyelipa. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakavunjika bila mkataba, nchi zinazouza mafuta hazikutaka kusikia kikomo cha uzalishaji. Kwa hiyo sheria yenye meno iliyobaki ni hiyo ya Ulaya, ambayo sehemu kubwa inaanza kutumika 12 Agosti 2026, na kila kampuni inayouza huko na kwingine itabidi iamue kama inatengeneza kifungashio kimoja cha dunia nzima au kizuri kinaenda Ulaya na cha zamani kinaenda kwingine. Dau langu ni kwamba chupa zitafanana, kwa sababu kalibu na mashine ni zilezile na ni gharama kuwa na aina mbili. Zile pakiti ndogo za matabaka, za sabuni na shampuu ya kutumia mara moja, ambazo Ulaya haziuzwi kwa wingi hata hivyo, sioni nani atazigusa.